Fedha za klabu ya vijana wanaotumia ARV na elimu ya kinga shuleni: tuchangishe vipi bila kupoteza hela wala kuanika mtu?

Nyasa_Kaskazini (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Naleta mpango wa Konga (mtandao wa watu wanaoishi na VVU) moja ya mkoani Njombe tuuchambue hapa kabla haujafika halmashauri. Zinatafutwa fedha za mwaka mzima kwa kazi mbili: klabu ya vijana 60 wa miaka 10 hadi 19 wanaotumia dawa za kufubaza VVU (ARV), na elimu ya kinga kwa shule 8 za sekondari.

Haraka yenyewe inaeleweka. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na kuendelea, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 4.4. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Dawa kijana anapewa bure, lakini vile vitu vidogo vilivyokuwa vikilipwa na miradi (nauli, posho ya WAVIU mshauri, yaani anayeishi na VVU na kuwashauri wenzake, chai ya Jumamosi) ndivyo vya kwanza kukatika.

Mpango ni matembezi ya hisani tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani. Washiriki 400, kiingilio 15,000. Tisheti 400 kwa 12,000, chakula 400 kwa 5,000, muziki na jukwaa 800,000. Baada ya matembezi, harambee jukwaani mbele ya mgeni rasmi. Matarajio ni milioni 12. Je, umekaa sawa?

Karani_wa_Mizani

Haujakaa, ndugu, na tatizo liko kwenye namba ulizoziweka mwenyewe. Viingilio 400 kwa 15,000 ni milioni 6. Tisheti ni 4,800,000, chakula milioni 2, muziki 800,000, jumla 7,600,000. Kabla mgeni rasmi hajashika kipaza sauti mna pengo la 1,600,000, na hapo sijagusa maji, gari la wagonjwa wala mabango. Mnabaki mnategemea harambee ya jukwaani peke yake, na jukwaani watu hutoa ahadi zaidi kuliko fedha.

Tisheti ndiyo inayomaliza hela za matembezi mengi. Kosa huanzia kwenye kuagiza: watu wanajiandikisha kwa mdomo, kamati inaagiza 400, siku yenyewe wanatokea 250, zinabaki 150 na nyingi ni za saizi ambayo haina mwenyewe. Kama lazima ziwepo, agiza za waliokwisha kulipa tu, funga orodha siku 14 kabla, na gharama yote ibebwe na mfadhili mmoja ambaye nembo yake inakaa mgongoni. Mfadhili asipopatikana, mpe mshiriki utepe mwekundu wa kubana kwa pini. Kipande kimoja kinakula sentimita 15, kwa hiyo rola ya mita 20 inatoa vipande 133.

Sasa geuza hesabu. Usianze na "tutapata kiasi gani", anza na "mwaka mmoja unakula kiasi gani". Nimeweka makadirio, nyie mtabadilisha bei kulingana na kwenu:

Klabu, mkutano mmoja kwa mwezi. Nauli kwenda na kurudi kwa wastani wa 5,000 kwa vijana 60 ni 300,000. Chai na vitafunwa 2,000 kwa kila mmoja ni 120,000. WAVIU washauri wawili kwa 15,000 ni 30,000. Vocha na bodaboda ya kufuatilia waliokosa, 20,000. Jumla 470,000 kwa mwezi, yaani 5,640,000 kwa mwaka.

Shule 8, kila moja mara 4, ni safari 32. Kila safari wawezeshaji wawili 40,000, usafiri 30,000, vifaa 10,000. Jumla 80,000 kwa safari, 2,560,000 kwa mwaka.

Hapo mko 8,200,000. Ongeza akiba ya asilimia 10, yaani 820,000, na 480,000 za makato ya benki, karatasi na ukaguzi wa hesabu. Mnafika 9,500,000. Ile milioni 12 haikuwa na msingi, na mtoa mchango makini atauliza imetoka wapi.

Sasa 9,500,000 ukiigawa kwa miezi 12 ni kama 792,000 kwa mwezi. Watu 160 wakitoa 5,000 kila mwezi wanaleta 800,000. Lakini si wote watatoa kila mwezi. Weka kwamba mmoja kati ya wanne ataruka, basi tafuteni watu 214. Njombe yenye walimu, watumishi wa afya, wenye mashamba ya chai na mbao, vikundi vya makanisa na wenye maduka, watu 214 wa shilingi 5,000 wanapatikana kwa urahisi kuliko watu 400 wa kuvaa tisheti siku moja. Na nauli ya Machi inalipwa Machi, haisubiri Desemba nyingine.

Kipepeo_wa_Ziwa

Mkuu Karani, usiyazike matembezi haraka hivyo. Kili Challenge ya mgodi wa Geita pamoja na TACAIDS (Tume ya Kudhibiti UKIMWI) inaendeshwa tangu 2002, wengine wanapanda Kilimanjaro kwa miguu, wengine wanauzunguka kwa baiskeli, na fedha zinaenda kwenye mapambano dhidi ya VVU. Tukio likiwa na uzito, wafadhili wakubwa wanakuja.

Karani_wa_Mizani

Sipingi, Kipepeo. Ila tazama fedha zinatoka wapi. Kule makampuni ndiyo yanayofadhili, na mpandaji anatumia jina lake kuleta wafadhili. Mlima ndio unaofanya watu wageuke kutazama. Hapa mshiriki mwenyewe ndiye analipia tisheti yake na sahani yake ya wali, kisha tunaita mchango. Kama mnataka tukio, chukueni kanuni ileile kwa udogo wake: wapatikane watembeaji 30 tu, kila mmoja abebe kadi ya kuombea ahadi kwa watu 10 anaowafahamu, 10,000 kila mtu. Hiyo ni milioni 3, na gharama ni maji na dawa za huduma ya kwanza.

Kadi ziwe na namba mfululizo. Anayechukua anasaini, na asiyeuza anarudisha kadi yenyewe. Kadi iliyopotea inaandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo. Kadi zisizo na namba ni mlango wa wizi, na hata kama hakuna aliyeiba, hamtaweza kuthibitisha.

Mbao_na_Parachichi

Niongeze jambo la msimu, maana naona wote mmelipita. Desemba ni mwezi mbaya kuomba hela Njombe. Mvua zimeanza, watu wamemwaga kila kitu kwenye mbegu na mbolea. Na shule nazo ziko ukingoni kufungwa, kidato cha nne wameshamaliza mtihani wa taifa, kwa hiyo hata elimu yenyewe utaipeleka kwenye madarasa matupu.

Hela ya huku iko mikononi Julai hadi Septemba, mahindi yakishavunwa. Hapo ndipo muite harambee, na mkubali mazao. Mtu ambaye hana 50,000 taslimu anatoa debe mbili za mahindi bila kusita. Ila mazao yana kazi yake: yapimwe kwenye mizani palepale, mtoaji aandikiwe kilo, na yauzwe ndani ya wiki. Yakilala ghalani miezi miwili yanaingiwa na dumuzi, na stoo inataka kulipiwa. Parachichi msilipokee kabisa bila mnunuzi kuwa anasubiri, halivumilii.

Desemba itumieni kutoa taarifa ya mapato na matumizi hadharani. Watu wakishaona nauli za vijana zilivyolipwa, Januari ni rahisi kuwaomba waendelee.

Nyasa_Kaskazini

Hili la msimu limenigusa sana, ahsante. Vipi kuhusu vibali?

Dawati_la_Maendeleo

Vibali vitatu, na msivichanganye.

Cha kwanza ni uhalali wenu wa kupokea fedha. Kama Konga imesajiliwa kama shirika chini ya Sheria ya NGO ya 2002, mna cheti, katiba na taarifa za mwaka za kupeleka kwa Msajili. Kanuni za 2018 zinadai pia mikataba ya ufadhili iwasilishwe, na fedha zinazozidi milioni 20 zitangazwe. Mko chini ya hapo, lakini mfadhili akija na mkataba usikae nao kabatini. Kwenye halmashauri mtu wenu wa kwanza ni Afisa Maendeleo ya Jamii, wa pili ni mratibu wa UKIMWI wa halmashauri, ambaye ofisini mtasikia akiitwa CHAC. Huyo aingie kwenye mpango tangu siku ya kwanza, kwa sababu halmashauri inaweza kuwa imetenga kifungu cha UKIMWI kwenye bajeti, na mpango wenu ukioana nacho mnaweza kupata usafiri wa kwenda shuleni bila kulipa. Kabla ya kuchangisha hadharani, pelekeni barua ofisi ya Mkuu wa Wilaya yenye lengo, kiasi, muda wa kuanza na kumaliza, na namba ya akaunti.

Cha pili ni polisi kama kuna matembezi. Taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya, si chini ya saa 48 kabla. Pelekeni wiki mbili kabla, na ramani ya njia. Wanaopeleka saa 48 kamili huambiwa wabadilishe njia wakati mabango yameshachapishwa.

Cha tatu ni shule. Mkuu wa shule hana mamlaka ya kuwaingiza kwa makubaliano ya mdomo tu. Barua inaenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, inashuka kwa Afisa Elimu Sekondari, na mnaambatanisha mada zote mtakazofundisha, neno kwa neno. Mada zikiwa kwenye karatasi, mzazi akilalamika mwalimu ana cha kushika.

Mlezi_wa_CTC

Naomba nipewe nafasi kidogo, kwa sababu mpango unaweza kuwa safi kwa hesabu na bado ukamuumiza kijana.

Kwanza, msichangishe "kwa ajili ya dawa". Dawa zinaletwa na Bohari ya Dawa na hazinunuliwi na mtu. Ukiandika kwenye bango kwamba unanunua ARV, wenye uelewa watakuona tapeli, na wasio na uelewa wataamini kwamba dawa zinauzwa, waache kuja. Andika unacholipia: nauli, chakula cha siku ya mkutano, mshauri, ufuatiliaji. Kijana wa miaka 16 anayeishi kilomita 25 kutoka CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) anaweza kuwa na dawa nzuri kabisa kwenye kabati la kituo na bado virusi vikapanda kwa kukosa 5,000 ya gari.

Pili, na hili ndilo linaloharibu klabu nyingi: si kila mtoto wa miaka 10, 11 au 12 anajua hali yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa shule aelezwe hatua kwa hatua, lakini wapo ambao nyumbani wameambiwa dawa ni ya kifua. Sasa barua ya mwaliko ikiandikwa "klabu ya vijana wanaoishi na VVU", mtoto anaisoma mwenyewe njiani kabla haijamfikia bibi. Orodha ya klabu itokane na muuguzi aliyehakikisha kwenye faili kwamba kijana ameshaelezwa kikamilifu. Ambaye hajaelezwa, kazi ya kwanza ni kukaa na mlezi wake, na mkutano unafuata baadaye. Wala msichanganye wa miaka 10 na wa miaka 19 kwenye chumba kimoja. Maswali yao hayafanani. Gawanyeni 10 hadi 14 na 15 hadi 19, hata kama ni siku ileile kwa saa tofauti.

Tatu, picha. Mfadhili atataka picha za vijana wakinywa chai. Jibu ni hapana, hata ukiziba macho kwa mstari mweusi, kwa sababu sare ya shule, mkoba na ukuta wa kituo vinamtaja mtu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na kuianika ni kosa. Mpeni mfadhili picha ya vikombe, ya mikono, ya ukumbi mtupu. Taarifa iseme: waliohudhuria 54 kati ya 60, waliofuatiliwa nyumbani 6, waliorudi 5. Hizo namba ndizo zinazomjengea mtoa mchango imani.

Nne, karatasi ya kusaini nauli. Mweka hazina anahitaji sahihi, mimi nahitaji siri. Suluhisho ni namba: kila kijana ana namba ya klabu, K01 hadi K60, anasaini mbele ya namba hiyo. Karatasi inayounganisha namba na majina inakaa kwenye kabati la CTC lenye kufuli na haitoki. Usitumie namba ile ya kadi ya CTC, maana hiyo kila mtumishi anaifahamu. Mkaguzi wa hesabu anaruhusiwa kuhesabu sahihi na kulinganisha na fedha iliyotoka, majina hayamhusu.

Nauli itolewe taslimu mkononi mkutano ukiisha. Kutuma kwenye simu ya nyumbani kunaleta ujumbe ambao baba wa kambo anausoma na kuuliza ni hela ya nini. Kwa walio mbali sana wasioweza kutanguliza nauli, kubaliana na mlezi mmoja anayejua hali, basi.

Kuna jambo la bweni pia. Kijana anaenda kidato cha kwanza bwenini na kopo la vidonge. Kopo likitikiswa linasikika chumba kizima, na wengine ili kukwepa maswali huvimwaga vidonge kwenye mfuko wa nailoni. Hapo vinaharibika: ndani ya kopo kuna kifuko kidogo kinachozuia unyevu, na vidonge vinatakiwa vibaki nacho. Fedha ndogo ya maana hapa ni kufuli nzuri ya tranka, na safari moja ya muuguzi kwenda kuzungumza na matroni kwa ridhaa ya kijana na mzazi. Pangeni pia tarehe za kuchukua dawa za miezi mingi zioane na likizo. Kijana anayeomba ruhusa kila mwezi kwenda hospitali ataulizwa tu.

Mwisho kwa sasa, kipimo cha wingi wa virusi. Msiitangaze klabu kwa "vijana wangapi wamefubaza" mbele ya vijana wenyewe. Ambaye hajafubaza anajiona mkosaji, mkutano unaofuata haji. Matokeo ni ya faragha, yanajadiliwa na muuguzi mmoja kwa mmoja.

Kipepeo_wa_Ziwa

Dada Mlezi, hapo kwenye barua ya mwaliko nimesimama kusoma mara mbili. Ahsante sana.

Pwani_Moja

Nawasalimu kutoka Mombasa. Kwetu Kenya harambee nyingi sasa hupita kwenye Paybill (namba ya malipo ya taasisi kwenye simu), na naona nanyi mna namba za kampuni zenye kumbukumbu. Tumieni hiyo badala ya namba ya simu ya mtu. Sababu ni mbili. Mtoaji huona jina la shirika analolilipa, na mahali pa kumbukumbu mwaweza kugawa matumizi: NAULI, SHULE, JUMLA. Mwisho wa mwezi taarifa ya miamala hujichambua yenyewe.

Lakini msiweke neno VVU wala UKIMWI kwenye kumbukumbu. Ujumbe wa uthibitisho hubaki kwenye simu ya mtoaji, na simu hushikwa na watoto, wenza, hata mwenye duka anayesaidia kutuma. Kuna watu wasiotoa kwa kuogopa ujumbe huo tu.

Karani_wa_Mizani

Nakazia ya Pwani Moja. Namba ya simu ya mweka hazina binafsi isitumike hata siku moja, hata "kwa muda". Fedha ikishachanganyika na ya ada ya watoto wake haitenganishwi tena, na akifariki au akipoteza laini mmeishia hapo. Akaunti ya benki iwe ya taasisi, watia saini watatu, hundi ipite kwa wawili wowote, na wasiwe ndugu. Laini ya kupokelea ihamishie fedha benki kila Ijumaa, jioni hiyohiyo salio lisomwe kwenye kundi.

Na hapa kwenye kundi la WhatsApp kuna ugonjwa unaojulikana. Ile orodha ambayo kila mtu ananakili, anaongeza jina lake, anairudisha. Watu wawili wakinakili orodha ileile kwa wakati mmoja, kila mmoja anaongeza la kwake, ya pili ikitumwa inafuta jina la wa kwanza. Aliyetoa 20,000 anaona hayumo, anakasirika kimyakimya, mwezi ujao hatoi. Orodha iandikwe na mtu mmoja tu, itumwe saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, iwe na sehemu mbili zilizoachana: ZILIZOINGIA na AHADI. Jumla ya ahadi isijumlishwe kamwe na ya zilizoingia. Anayetaka jina lake lisionekane aandikwe "Mdau" na tarakimu nne za mwisho za muamala, ili naye ajione.

Ahadi za jukwaani zifuatwe ndani ya siku 7. Simu moja, ya heshima, kisha ujumbe mmoja baada ya wiki mbili, basi. Ikifika mwezi hesabuni haipo.

Kwa wenye biashara: sheria ya kodi ya mapato inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa na TRA (Mamlaka ya Mapato) kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi asilimia 2 ya mapato. Lakini kusajiliwa kama NGO pekee hakutoshi, lazima TRA iwe imewakubali kama taasisi ya hisani. Msimwahidi mfanyabiashara wa mbao nafuu ya kodi kama barua hiyo hamna.

Kalamu_ya_Unasihi

Mmejadili sana upande wa klabu, na ni haki, lakini zile 2,560,000 za shule zinaweza kuungua zote kwa hotuba. Wanafunzi 600 uwanjani, kipaza sauti, mtu anasema "UKIMWI unaua, jiepusheni", wanapiga makofi, basi. Maneno hayo yanamchoma mwanafunzi aliye pale anayemeza dawa kila siku, na hayampi yeyote kitu cha kufanya.

Safari 4 kwa kila shule zitumieni hivi: kundi la watu wasiozidi 40, dakika 60, mwalimu wa ushauri na unasihi akiwepo mwanzoni na mwishoni lakini atoke katikati. Wiki moja kabla, liachwe sanduku la maswali lenye tundu na kufuli, funguo ibaki kwa mwezeshaji. Maswali ya sandukuni ndiyo somo. Utakuta yaleyale: mbu anaambukiza? kunyonyana ndimi? nikishaguswa na damu nifanye nini? dawa ya asili inatibu?

Vitu ambavyo kila mwezeshaji lazima avitamke bila kukosea:

Mtu akibakwa, kondomu ikipasuka au akichomwa na sindano yenye damu, kuna dawa za kuzuia maambukizi. Zinaanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, kisha zinamezwa siku 28. Msichana aliyebakwa Ijumaa usiku akisubiri Jumanne asubuhi afungue kinywa, muda umeshakwisha kabisa. Kwa hiyo mtaje kituo kilicho wazi Jumamosi na Jumapili, kwa jina la kijiji kilipo, na waambiwe waende kituoni kwanza.

Tangu marekebisho ya sheria ya 2019 mwenye miaka 15 anaweza kuamua mwenyewe kupima. Wengi shuleni bado wanaamini ni 18.

Anayetumia dawa vizuri na virusi vikawa havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Sentensi hii ndiyo inayoondoa woga wa kupima kuliko bango lolote. Isemwe pamoja na ya pili yake: havionekani si kwamba vimeisha, akiacha dawa vinarudi.

Kwa vijana walio nje ya shule, kwenye vijiwe vya bodaboda na mashamba ya mbao, nenda mbali zaidi: kondomu isomwe tarehe, ifunguliwe kwa vidole si kwa meno, chuchu ibanwe kutoa hewa, na isipakwe mafuta ya mgando kwa sababu yanaozesha mpira. Wenye kujipima kwa kifaa cha mate wasile wala kunywa dakika 15 kabla, wasome majibu kati ya dakika 20 na 40, si kesho yake. Kikionyesha mistari miwili waende kituoni kuthibitisha. Na aliyekwisha kuanza ARV asikitumie, kinaweza kumdanganya kwamba hana.

Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya waliosikiliza. Maswali 5 yaleyale kabla na baada, bila jina, na kadi ndogo ya kuelekeza kituoni yenye kipande cha kukata. Vipande vinavyobaki kituoni mwisho wa mwezi vinakuambia wangapi walifika.

Mtanzania_Leicester

Kwa tulio Uingereza: mkitumiwa fedha mmojammoja kwa simu, makato yanakula na hakuna nyongeza. Fedha zikipita kwenye shirika la hisani la huku linalotambuliwa na mamlaka ya kodi, kila pauni 1 ya mlipa kodi inaongezewa peni 25 na serikali, mradi mtoaji amejaza tamko la Gift Aid. Wanaotoa pauni 10 kwa mwezi wakiwa 20 ni pauni 200, na nyongeza pauni 50. Shirika hilo litawadai taarifa ya matumizi kila robo mwaka, kwa hiyo ule mfumo wa K01 hadi K60 wa Mlezi uwe tayari kabla hamjaomba. Na mkubaliane mapema kiwango cha kubadilisha fedha kitaandikwa cha siku ipi, hapo ndipo hesabu za pande mbili hupishana.

Nyasa_Kaskazini

Nimeyachukua. Matembezi ya tisheti yamefutwa. Harambee ya mavuno Agosti, wachangiaji 214 wa kila mwezi kuanzia Septemba, watembeaji 30 wa kadi, shule zianze muhula wa Januari, Desemba iwe ya taarifa. Naomba mnikosolee ujumbe wa kuwakumbusha vijana mkutano: "Klabu ya WAVIU vijana, Jumamosi saa 4 CTC. Nauli ipo. Usikose dawa."

Mlezi_wa_CTC

Toa WAVIU, toa CTC, toa dawa, toa na nauli. Simu nyingi ni za nyumba nzima. Mkubaliane na vijana wenyewe mkutano uliopita neno watakaloitia klabu, wachague wao. Wakichagua "Mazoezi", basi ujumbe ni: "Mazoezi Jumamosi saa 4. Ukipata jibu OK." Atakayekosa kujibu hadi Ijumaa mchana apigiwe na mshauri aliyezoeleka nyumbani kwao kwa jina, na asipopatikana asitumiwe ujumbe wa pili. Bodaboda ya ufuatiliaji iende Jumapili, isiwe yenye nembo ya mradi, na iishie mita mia kabla ya nyumba.